Mama Kagua na Swali la Mtungi

Mtaani hakuna aliyemwita dobi, ingawa udobi ndio uliomlisha tangu ujana wake. Walimwita Mama Kagua. Ukimpelekea shati, halipokei mpaka alipekue: mifuko ndani nje, kola kwenye mwanga, kwapa puani. Doa akiliona anakuonyesha papo hapo. "Hili umekuja nalo. Sikulizaa mimi." Nawe unakiri mbele ya watu kabla shati halijaingia kwenye beseni. Wateja walicheka, lakini wengine walimwogopa, maana mke wa mwenye duka la saruji aliwahi kuyajua mambo ya mumewe pale pale kibandani, kwa namna tu Mama Kagua alivyoikunja pua.

Mumewe, fundi baiskeli mpole aliyefanyia kazi upande wa pili wa barabara, alikuwa na msemo wake. "Mke wangu hata ateremshiwe malaika, atamgeuza kwanza aone mabawa yameshonwa na nani."

"Na nikikuta gundi je?" Mama Kagua humjibu.

Nguo za mtaa mzima zilipita mikononi mwake isipokuwa za mtu mmoja. Nesi Mrefu wa kituo cha afya alikuwa akileta magauni yake meupe ya kazini zamani, na kila alipoleta aliambiwa sabuni imekwisha. Aliambiwa hivyo na mwanamke mwenye povu hadi viwikoni. Nesi akaelewa, akaacha kuja.

Sababu, mtaa uliijua nusu. Kifungua mimba wa Mama Kagua alikuwa mtoto wa kiume, mnene, mcheshi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Nimonia ikamshika. Walipomfikisha kituo cha afya mbavu zilikuwa zikizama kila alipovuta pumzi. Wakaambiwa atawekewa hewa ya oksijeni, na kweli mtungi uliletwa, akawekewa. Mama Kagua akatolewa nje akakae kwenye benchi la ukumbini. Hapo ndipo alipoona. Alimwona Nesi Mrefu, enzi hizo msichana mgeni kazini, akitoka chumbani na ule mtungi juu ya vigurudumu vyake, akiusukuma kuuingiza chumba cha mbele. Mlangoni pa chumba hicho alisimama mama mwingine akilia, na miguuni alikuwa na viatu vyekundu vya ngozi, vya kisigino. Mtungi ulikuwa bado uko huko mtoto wa Mama Kagua alipokata roho.

Siku ile hakuuliza. Msiba ulimfunga kinywa, na kinywa kilipokuja kufunguka, jibu alikuwa ameshajipa mwenyewe: hewa ya mwanawe iliuzwa. Ushahidi hakuwa nao ila viatu. Lakini viatu vile alivilinda moyoni kama mtu anavyolinda hati ya nyumba.

Baadaye akajaliwa binti. Binti akakua, akaingia sekondari, akawa mrefu wa shingo na mwepesi wa ulimi. Kaka yake alimjua kwa picha moja tu iliyotundikwa juu ya kabati la vyombo.

Mambo yalianza kwa harufu. Jioni moja Mama Kagua alikuwa akizichambua sare za shule za bintiye, akalisogeza shati usoni kama kawaida yake, akasita. Dawa ya kusafishia sakafu. Si ya shuleni, ile aliifahamu. Hii ilikuwa ya kituo cha afya, na ilimrudisha kwenye benchi lile mara moja. Wiki iliyofuata akanusa tena, harufu ikawa ile ile.

Msichana wa umri ule, kituo cha afya, kwa siri. Mama yeyote hesabu hiyo anaifanya haraka. Akaanza kumchungulia binti tumbo wakati wa kula, akamhesabia sahani, akaangalia kama anasikia kichefuchefu. Binti alikula vizuri na kuomba tena, jambo lililomtia mama shaka zaidi.

"Mwanangu, unaumwa?" hatimaye alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Kituo cha afya huwa wanakwenda kucheza mdako?"

Binti akaweka kijiko chini. "Ni klabu, mama. Tunakutana baada ya masomo, kwenye kile chumba cha nyuma. Tunajifunza mambo ya afya. Kwa nini ugonjwa mmoja unaua watu hapa, na kwingine mtu anaugua Jumatatu, Ijumaa yuko kazini."

"Nani anawafundisha?"

Binti akatazama sakafu. Mama akapata jibu lake.

Alisimama, akaondoa vyombo hata ambavyo havijamalizwa. "Yule? Yule ndiye amekosa watu wa kufundisha, akaja kumchukua na huyu? Alichokichukua hakikumtosha?"

"Mke wangu," fundi baiskeli alisema taratibu, "mtoto anasoma. Hajaiba."

"Kikulacho ki nguoni mwako, baba watoto. Nguo nazijua mimi."

Alimkataza binti kwenda. Lakini kukataza peke yake hakukumtosha. Alitaka kujua klabu ile ina nini ndani. Vijana hawakusanywi bure. Mwenye kuwakusanya ana lake, ama kura, ama dini mpya, ama picha za kupeleka mahali. Siku ya klabu akajitwika kapu la nguo alizokwisha kupiga pasi, akajidai anapeleka kwa wateja, akazunguka nyuma ya kituo cha afya na kusimama chini ya dirisha la chumba kile. Mzee mlinzi alimwona, akamsalimu, naye akajifanya anatengeneza kilemba.

Ndani, kijana mmoja mwenye miwani alikuwa anazungumza kwa kasi. Alisema dawa hutafutwa kwa ugonjwa wa mwenye uwezo wa kununua. Ugonjwa wa asiye nacho husubiri.

"Dawa sawa," msichana mmoja alidakia. "Lakini hewa? Hewa iko nje hapo, ya bure. Iweje nayo watu waikose?"

Sauti ya Nesi Mrefu ikaja, nzito, isiyo na haraka. "Hewa ni ya bure. Kuichuja na kuifungasha ndiko kusiko bure. Kuna nchi ambako oksijeni inatoka ukutani, kila kitanda na tundu lake, kama maji ya bomba. Nesi wa huko hawazi. Anafungua tu."

"Na wakubwa wetu?" kijana wa miwani akauliza. "Wakiumwa si wanapanda ndege kuifuata hiyo ya ukutani?"

Wakacheka, kicheko kikavu. Mama Kagua chini ya dirisha naye nusura acheke, akajizuia. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, akajikumbusha. Ndipo akaisikia sauti aliyoizaa mwenyewe. Binti yake, aliyekatazwa, alikuwa ndani.

"Kaka yangu alifia hapa hapa," alisema binti. "Kwa kukosa hewa. Nyumbani hatumzungumzii. Mama anaamini kuna mtu alimwua."

Mama Kagua hakukumbuka baadaye alivyoliweka kapu chini. Alijikuta mlangoni, vijana wote wamegeuka, na kidole chake kimenyooka mbele kama pasi.

"Waambie!" alisema. "Unawafundisha ya huko kwenye kuta zinazotoa hewa. Waambie na ya hapa. Waambie ule mtungi uliupeleka wapi!"

Binti akasimama. "Mama, tafadhali..."

"Kaa chini. Sijakuuliza wewe."

Nesi Mrefu alibaki ameketi kwenye ukingo wa meza. Hakuwatoa vijana nje. Alimtazama Mama Kagua, akasema, "Niliupeleka chumba cha mbele. Walikuwa watoto wawili, na mtungi ulikuwa mmoja. Daktari alikuwa ameitwa kwingine. Niliwasikiliza vifua wote wawili. Wako alikuwa ameshakwenda mbali, mimi nilivyoona. Yule mwingine nilimwona bado yuko karibu. Nikachagua."

Kijana wa miwani aliitoa miwani yake.

"Ulilipwa," Mama Kagua alisema.

"Sikulipwa."

"Na viatu?"

"Viatu gani?"

"Vyekundu! Vya ngozi, vyenye kisigino! Mama wa yule mtoto!"

Nesi Mrefu akakunja uso, akafikiri kwa dhati kama mtu anayetafuta ufunguo. "Mama yangu," alisema, "mimi sikutazama miguu ya mtu siku ile."

Jibu hilo lilimchoma kuliko tusi. Amevibeba viatu vile ujana wake wote, na mtuhumiwa wake hata hakuviona.

"Alipona, huyo mwingine?"

"Alipona."

"Mtoto wa nani?"

"Hilo sitakuambia."

"Unamwogopa baba yake?"

"Nakuogopa wewe. Nikikutajia, kila utakapomwona utamdai. Naye hajui lolote."

Mama Kagua aliokota kapu lake akaondoka. Njiani shaka zilimfuata kama mbwa wa mtaa. Akifukuza huyu, yule anakuja. Amesema kweli? Mwuaji naye angesema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo ya pole. Lakini mwongo angetoa jina lolote, la familia iliyohama, akapumua. Huyu kakataa. Kwa nini akatae? Ilipofika jioni alikuwa amemwamini nusu, na nusu hiyo ilimuuma, kwa sababu ukimwondoa nesi, hasira yake yote ingebaki bila mwenyewe.

Tangu hapo akawa na tabia mpya. Kijana yeyote wa umri ambao mwanawe angekuwa nao sasa, akileta suruali, Mama Kagua huitazama sura yake kabla ya mifuko. Je, ni huyu? Anayemwambia "Shikamoo mama" huku anatafuna muwa? Mmoja alimuuliza, "Mama, nina doa usoni?" Akamjibu, "Pumua tu, baba. Pumua nikuone."

Binti hakusemeshwa siku kadhaa. Baba mtu alijaribu kuwapatanisha, akaishia kula peke yake barazani. Mwisho binti ndiye aliyeanza. Alimkuta mama anapiga pasi, akashika upande wa pili wa shuka ili wakunje pamoja.

"Mama, nilikosa. Nilisema habari za kaka bila kukuuliza."

"Ulikosa."

"Lakini wewe miaka yote umeuliza nani aliuchukua mtungi. Mimi nataka kuuliza kwa nini ulikuwa mmoja."

Mama alivuta shuka upande wake, likanyooka. Ila siku ya klabu ilipofika hakumkataza tena, wala hakumruhusu. Alisema tu, "Ukirudi na harufu ya manukato ya mtu, tutajuana."

Haukupita muda mrefu akaja mteja mgeni. Alikuwa kijana nadhifu, shati limemkaa vizuri, ananukia manukato, mratibu wa shirika moja la misaada lililokuwa likileta wageni kutoka ng'ambo kutembelea kituo cha afya. Alileta furushi la fulana mpya ziondolewe makunyanzi. Kifuani ziliandikwa SAUTI YA VIJANA. Mama Kagua akazipekua zote, moja moja, akakuta nyuzi zinaning'inia.

"Za nini hizi?"

"Za watoto wa klabu, mama. Wageni wakija, vijana watavaa, watashukuru, watapiga picha."

"Watasema pia?"

"Watasema asante." Mratibu alitabasamu. "Hawa wageni wana nafasi kidogo. Hatutaki maswali ya kuwachanganya. Mmoja wa vijana atasoma maneno mafupi, nimeshayaandaa."

"Kwa hiyo sauti iko kifuani, siyo kooni."

Kijana alicheka, akidhani ni utani. Mama Kagua naye alicheka, huku macho yake yakimpima kuanzia kola hadi viatu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya benchi, shaka yake ilikuwa imepata mahali pengine pa kukaa.

Binti aliporudi alimwita kibandani. "Nani amechaguliwa kusoma?"

"Mimi."

"Yale maneno ya yule kijana wa manukato?"

"Tumeyakataa moyoni, mama, ila hajui. Tumekubaliana nishukuru kwanza, halafu niulize. Nesi kasema tukiuliza huenda shirika likaondoka kabisa, tufikirie vizuri. Tumefikiri."

Mama Kagua alimtazama mwanawe kama anavyoitazama nguo ambayo haijui kitambaa chake. "Na kaka yako utamtaja?"

"Ukikubali."

Pasi ilikuwa imekaa sana juu ya fulana. Aliinyanyua haraka kabla haijaacha alama. "Mtaje," alisema. "Lakini na mimi nitakuwepo. Siwaamini hata mmoja wao."

Siku ya wageni ukumbi wa kituo cha afya ulijaa. Mganga mkuu wa eneo alikuja na suti, wageni wakakaa mbele, wakiongozwa na mama mmoja wa makamo mwenye nywele nyeupe. Mratibu ndiye aliyekuwa mkalimani. Mama Kagua alisimama ukutani karibu na mlango, mikono kifuani. Nesi Mrefu alikuwa ukuta wa pili. Walionana, wakainamishiana vichwa kidogo, kama majirani waliogombana juu ya mpaka.

Binti akasimama. "Tumeambiwa tushukuru. Asanteni kwa fulana."

Watu wakacheka. Mratibu akafasiri, akitabasamu.

"Sasa naomba kuuliza," binti akaendelea. "Nilikuwa na kaka ambaye sikumwona. Alikufa hapa kwa nimonia, kwa sababu siku hiyo walikuwa watoto wawili na mtungi mmoja, na nesi akalazimika kuchagua. Mama yangu alimchukia huyo nesi miaka yote, na sijui kama ameacha." Mama Kagua akatazama dari. "Mimi sitaki kujua alichagua vipi. Nataka kujua nani alimpa nesi wa hapa kazi ya kuchagua. Huko mnakotoka, ni nesi gani anasimama kati ya vitanda viwili namna hiyo? Na ninyi wakubwa wetu, mkiugua mbona hamji hapa? Mtoto wa hapa mapafu yake si mapafu?"

Mratibu akamgeukia mgeni mkuu, akasema sentensi mbili za haraka, akanyamaza. Mgeni akatabasamu, akapiga makofi.

Mama Kagua lugha ile haikumpitia karibu hata siku moja. Lakini kipimo alikuwa nacho. Nguo ndefu ikiingia majini ikatoka kaptula, huhitaji kusoma shule kujua kwamba imerudi.

"Maneno yamerudi!" alipaza sauti kutoka mlangoni. "Mwanangu, maneno yako yamerudi! Yaliingia gauni, yametoka kitambaa cha jasho!"

Ukumbi ukalipuka. Mganga mkuu akainua mkono kutuliza. Mratibu akawa anafuta paji la uso, anasema amefupisha tu, muda hautoshi. Kijana wa miwani, ambaye kimya chake kilikuwa kimempa nafasi ya kusikiliza, akasimama. Lugha ile alikuwa ameisoma vizuri. Alisema, kwa upole, kwamba ameona sehemu zimeachwa, na anaomba azirudishe. Akamgeukia mgeni na kusema yote, polepole, sentensi kwa sentensi, ya kaka, ya vitanda viwili, ya wakubwa na ndege zao. Vijana wengine wakasimama mmoja mmoja, wakabaki wamesimama, bila kelele.

Tabasamu la mgeni mkuu lilitoweka. Akawatazama wale waliosimama, akajibu, na safari hii aliyefasiri ni kijana wa miwani: "Anasema swali hili hana jibu lake. Anasema anaona aibu."

"Aibu haijazi mtungi," Mama Kagua alinong'ona, ingawa moyoni alikiri kwamba alitegemea uongo, na hakuupata.

Mganga mkuu akafunga mkutano mapema. Picha hazikupigwa.

Kwa miezi kadhaa ilionekana mambo yameishia hapo. Mratibu hakuonekana tena, na mtaani walisema klabu imefukuza wafadhili. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao. Nesi Mrefu aliitwa ofisini kwa wakubwa, akarudi amenyamaza, na watu wakadhani atahamishwa. Siku hiyo Mama Kagua alimpitia, wakasimama getini. Hakujua alichofuata, mpaka alipojisikia akisema, "Wakikuhamisha, waambie wamlete huyo mpya kwangu nimkague."

"Bado unanishuku?"

"Bado. Siku nyingine zaidi, siku nyingine kidogo."

"Afadhali," nesi alisema. "Mimi mwenyewe huwa najiuliza kama nilisikiliza vizuri vile vifua."

Mama Kagua alishika nondo za geti. Walisimama hivyo mpaka mgonjwa akaja kumwita nesi.

Nesi hakuhamishwa. Vijana nao hawakukaa kimya. Kila walipopata nafasi walikwenda ofisini kwa mganga mkuu kuuliza, mpaka karani akawajua kwa sauti za miguu yao. Mvua zilipokaribia, ikaja mashine ya kuichuja hewa, inayotumia umeme, na betri yake ya akiba. Wakubwa wakaja kuikabidhi. Utepe ukafungwa, hotuba ikasomwa, na mganga mkuu akaomba makofi.

"Moja?" Mama Kagua aliuliza.

Makofi yakafifia.

"Tuanze na moja, mama," mganga mkuu alisema kwa kutabasamu.

"Ndivyo tulivyoanza."

Binti yake, mbele kabisa, hakugeuka nyuma, lakini mama aliyaona mabega yake yakinyooka. "Ya pili lini?" aliuliza binti. Na kijana wa miwani, "Lini?" Na wengine.

Ya pili ilikuja baadaye sana, bila utepe, na kifaa kimoja kimesahaulika, ikakaa ndani ya boksi mpaka vijana wakakifuata wenyewe mjini. Siku ilipowashwa Mama Kagua alikwenda kuiona. Kitoto cha kike kilikuwa kitandani, mpira mwembamba puani, kimelala. Mashine ilinguruma. Aliinama akausikiliza ule mngurumo, akashika waya, akaufuata hadi ukutani, akaitikisa plagi.

"Mama," binti alisema, "hata hii huiamini?"

"Leo naiamini," alijibu, akaitikisa tena. "Nitapita kesho."